Mchanga Mweusi, Unga Mweupe

Funika tochi ya simu kwa kidole ukiwa gizani. Kidole kinawaka chekundu, lakini mfupa huuoni. Mwanga umepita, ila umetawanyika humo ndani kama taa za gari kwenye ukungu. Mwaka 1977, Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha kwamba infraredi ya karibu, mwanga ambao jicho halioni, hupenya mwilini vizuri zaidi, na ukitoka unaeleza damu ina oksijeni kiasi gani.

Sasa mashine ya aina hiyo utajuaje kama inasema kweli? Mwili wa mtu hautulii: leo una homa, kesho hauna. Ndiyo maana wataalamu hutengeneza fantomu, yaani nyama ya bandia ambayo vipimo vyake vinajulikana tayari. Mapishi yake si magumu. Chemsha agari, ute unaotokana na mwani. Tia wino mweusi kidogo umeze mwanga kama damu inavyofanya, kisha unga mweupe uutawanye kama seli. Koroga hadi ianze kushika, la sivyo unga unazama chini. Tatizo ni kwamba hukauka au kuota ukungu upesi. Mwaka 1993, Michael Firbank na David Delpy wa University College London walichapisha mapishi ya kudumu: resini ya poliesta, rangi inayofyonza infraredi, na unga uleule mweupe.

Unga huo ni titaniamu dioksidi. Na hapo stori inaingia Kwale.

Mchanga wa Maumba na Nguluku, upande wa Msambweni, ulikuwa na ilmenaiti na rutaili, madini yenye titaniamu. Kampuni ya Tiomin ya Kanada iliyafuata tangu miaka ya 1990. Wenyeji wakapinga, mambo yakafika kortini. Base Resources ya Australia ilinunua mradi mwaka 2010, familia zikahamishwa, na uchimbaji ukaanza 2013. Sumaku na umeme vilitenganisha punje, malori yakazipeleka Likoni, na shehena ya kwanza ikasafiri Februari 2014. Desemba 2024 uchimbaji ukaisha.

Madini yaliondoka yakiwa punje nyeusi. Kuyageuza kuwa unga mweupe ni kazi ya viwanda vya ng'ambo, na unga wa aina hiyo hutufikia ndani ya rangi ya ukuta, plastiki na dawa ya meno. Kusini zaidi, Kibuyuni, akina mama wanalima mwani unaotoa karajini, ute ulio binamu wa agari. Nao pia husafirishwa ukiwa mkavu.

Lakini hebu tuulize: ile nyama ya bandia ina ngozi ya nani? Fantomu nyingi ni tope moja tangu juu hadi ndani. Ngozi haipo kabisa. Melanini, inayotupa weusi wetu, humeza mwanga kabla haujafika kwenye damu. Oksimita, kile kibanio cha kidoleni, hutegemea mwanga mwekundu na infraredi. Mwaka 1990, Amal Jubran na Martin Tobin waliripoti kwamba ilikosea zaidi kwa wagonjwa weusi. Miaka 30 ikapita. Desemba 2020, Corona ikiwa imeshika kasi, Michael Sjoding na wenzake wa Michigan walichapisha hesabu: pale kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, oksijeni halisi ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na 3.6 tu kwa weupe. Hiyo ndiyo tofauti ya kuwekewa oksijeni na kuambiwa uko sawa.

Siku hizi baadhi ya maabara huongeza utando mwembamba juu ya fantomu, wenye melanini ya viwango mbalimbali. Januari 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa rasimu inayotaka oksimita zijaribiwe kwa watu wengi zaidi wa rangi tofauti za ngozi. Kuchanganya agari, wino na unga mweupe hakuhitaji mgodi wala kiwanda. Maabara ya chuo chochote cha Pwani inaweza kuvikoroga. Na ngozi ya kulinganisha nayo, kuanzia Diani hadi Lunga Lunga, haijawahi kuadimika.