Mkono wa Gia Uliporudi Sakafuni

Mercedes ya 1901 ilikuwa na mkono wa gia nje ya bodi, kuliani mwa dereva. Baadaye mkono ukaingia ndani, ukasimama sakafuni, juu ya giaboksi. Mwaka 1938 Cadillac ikaupandisha kwenye usukani, na haikupita miaka mingi karibu viwanda vyote vya Marekani vikaiga. Sababu ilikuwa magoti: kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu cha watu watatu, na wa katikati alikuwa akibanana na chuma.

Nafasi ikapatikana, lakini kwa gharama. Sasa gia iliingizwa kwa rodi ndefu zilizoshuka kandokando ya usukani na kupitia bushi kadhaa kabla ya kuifikia giaboksi. Bushi zikilika, mkono unachezacheza. Ukitoka ya kwanza kwenda ya pili kwa pupa, rodi zinakwamana, na dereva hana budi kushuka, kufungua boneti na kuzinyoosha kwa mkono huku magari nyuma yake yakipiga honi.

Vijana waliopenda mbio hawakukingoja kiwanda. Miaka ya 1950 na 1960 waliurudisha mkono sakafuni wenyewe, nyumbani, na aliyenufaika zaidi na kiu yao ni George Hurst wa Pennsylvania, aliyeuza mikono imara ya chuma pamoja na rodi zake. Mnunuzi alikunja zulia, akatoboa sakafu, akalala chini ya gari kufunga kishikizo ubavuni mwa giaboksi. Kutoboa kulitisha, lakini ugumu ulikuwa kwenye vipimo. Gia zote zikiwa nyutro, pini moja ilipitishwa kwenye matundu ya mkono mpya ili visogezi vyake visicheze. Kisha ncha ya kila rodi ikazungushwa kwenye nyuzi zake mpaka iingie mahali pake bila kulazimishwa. Aliyeilazimisha alijutia barabarani.

Pontiac ilisoma alama za nyakati: GTO ya 1964 ilitoka kiwandani ikiwa na mkono wa Hurst sakafuni. Kilichokuwa kazi ya uani kikawa kivutio cha muuza magari.

Hata hivyo, gia ya usukani ilionewa kidogo. Peugeot 404 ilikuwa nayo, na ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, katika vumbi na matope yaliyokuwa yakiyang'oa magari mengi mashindanoni. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Pale mkono ulibaki kwenye usukani, na hakuna aliyetoboa sakafu.