Mwanguko huru

Mwanguko huru ni mwendo wa kitu kinachovutwa na graviti peke yake, bila kuathiriwa na kani nyingine yoyote. Ni mfano rahisi wa mwendo wenye mchapuko usiobadilika, na hivyo hufundishwa mapema katika somo la fizikia.

Mchapuko wa graviti

Karibu na uso wa Dunia, mchapuko wa graviti, unaoandikwa kwa alama g, ni takriban mita 9.8 kwa sekunde mraba. Maana yake ni kwamba kila sekunde inayopita, kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde. Thamani hiyo hutofautiana kidogo: kwenye ikweta ni takriban 9.78 na kwenye ncha za Dunia 9.83. Kwenye Mwezi ni takriban 1.6 tu.

Kitu kikiachiwa kutoka hali ya kutulia, kasi yake (v) na umbali wake (s) baada ya muda (t) ni:

v = gt
s = ½gt²

Kwa mfano, jiwe likiachiwa kutoka juu, baada ya sekunde 1 huwa limeanguka mita 4.9, baada ya sekunde 2 mita 19.6, na baada ya sekunde 3 mita 44.1. Muda ukiongezeka mara mbili, umbali huongezeka mara nne.

Uzito na kasi ya kuanguka

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alifundisha kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi, na fundisho hilo lilidumu kwa karne nyingi. Galileo Galilei wa Italia alilipinga. Kwa kuwa mwanguko ni wa haraka mno kupimwa kwa vifaa vya wakati wake, aliviringisha mipira kwenye ubao ulioinama na kupima muda kwa maji yaliyotiririka chomboni. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1638. Habari kwamba aliangusha mipira kutoka mnara wa Pisa ilisimuliwa na mwanafunzi wake Vincenzo Viviani, lakini wanahistoria wengi wanaitilia shaka.

Sababu ilielezwa na kanuni za Isaac Newton za mwaka 1687. Kitu chenye masi maradufu huvutwa kwa kani maradufu, lakini pia huhitaji kani maradufu ili kipate mchapuko uleule. Kwa hiyo masi haibadilishi mchapuko.

Ukinzani wa hewa

Unyoya huchelewa kufika chini kwa sababu ya ukinzani wa hewa. Jambo hili linaweza kuonyeshwa kwa karatasi mbili zinazolingana: moja ikikunjwa kuwa kama mpira na nyingine ikiachwa wazi, ile iliyokunjwa hutangulia kufika chini ingawa uzito wao ni sawa. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja kwenye Mwezi, ambako hakuna hewa ya kuvikinza. Vyote viwili viligusa ardhi kwa wakati mmoja.

Makosa ya kawaida

Wanaoanza kujifunza hudhani kwamba mpira uliorushwa juu hauna mchapuko unapofika kileleni. Kwa kweli kasi yake hapo ni sifuri kwa nukta moja tu, lakini mchapuko bado ni 9.8 kuelekea chini. La sivyo mpira ungebaki hewani.

Wengine hudhani kwamba wanaanga huelea katika Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa sababu hakuna graviti. Kwenye kimo chake cha takriban kilomita 400, graviti bado ni karibu asilimia 90 ya ile ya ardhini. Wanaelea kwa sababu wao na kituo chao wamo katika mwanguko huru pamoja, huku mwendo wao wa kando ukiwafanya waizunguke Dunia badala ya kuigonga.