Kitanda Kinachokunjika na Maungio Yake

  Leo somo letu la historia halihusu vita wala wafalme, ingawa wafalme wawili watapita. Tutazungumza juu ya kitanda cha chuma kinachokunjwa.

Huenda unacho. Kama huna, umekwisha kukiona zahanati, au bwenini, au kwa jirani aliyefikiwa na mgeni usiku. Mchana husimama nyuma ya mlango, usiku hufunguliwa. Katika nyumba ya chumba kimoja ni msaada mkubwa. Lakini waulize waliokilalia. Mimi nilikilalia miaka miwili nilipokuwa chuoni. Katikati kilibonyea kama mtumbwi, na kwenye kidole changu cha shahada ninalo kovu mpaka leo, maana asubuhi moja nilikikunja kwa haraka na maungio yakanibana. Kwa hiyo habari hizi sikuhadithiwa.

Swali letu ni hili: kwa nini kitanda hiki huharibika pale pale, katikati? Na watu wa zamani walifanya nini juu ya jambo hilo?

Tuanze na kitanda cha kamba, ambacho wengi wenu mnakijua kuliko mimi. Kina mifumbati miwili mirefu, vitakizo viwili vifupi, na matendegu manne. Fundi hutoboa tendegu, akachomeka humo ncha ya mfumbati na ncha ya kitakizo. Kisha hufuma kamba na kuikaza. Kamba ikikazwa huvuta mbao zote kuelekea ndani, na kadiri zinavyovutwa ndivyo maungio yanavyoshikana. Hakuna msumari hata mmoja. Ni kazi ya akili sana. Lakini nguvu yake yote imo katika mfumbati ulio mzima toka mchagoni mpaka miguuni. Ukiukata katikati, huna kitanda tena.

Basi kitanda kinachokunjika ni kitanda ambacho mfumbati wake umekatwa makusudi. Shika neno hilo.

Sasa twende Misri. Mwaka 1922 Mwingereza Howard Carter alifungua kaburi la Mfalme Tutankhamun, aliyekufa kijana yapata mwaka 1323 kabla ya Kristo. Katika vitu vilivyozikwa pamoja naye kilikuwamo kitanda cha safari cha mbao, chenye bawaba za shaba nyeusi, kinachokunjwa mara tatu. Fundi wake aliikata mifumbati mahali pawili. Lakini hakuziacha sehemu zile zikielea hewani; aliongeza miguu karibu na maungio, mbali na ile ya mchagoni na miguuni. Kwa hiyo miaka zaidi ya 3,000 iliyopita mtu alikwisha kujua kwamba penye mkato panahitaji mguu.

Mfalme wa pili ni Napoleon, aliyejitawaza kuwa Kaisari wa Ufaransa mwaka 1804. Alikuwa mtu wa vita, na vitanda vyake vya vitani vilitengenezwa Paris na Desouches, fundi wa makufuli. Si seremala, angalia, bali fundi wa makufuli, mtu aliyezoea vyuma vidogo vinavyozunguka na kukwama mahali pake sawasawa. Fremu ilikuwa ya chuma, kitambaa kizito kilishikwa kwa kulabu, na juu yake lilining'inia pazia la hariri ya kijani. Kitanda kilikunjwa karibu kama mwavuli, kikatiwa katika mfuko wa ngozi. Napoleon alipopelekwa kifungoni kisiwani Saint Helena alikwenda navyo, na tarehe 5 Mei 1821 alifia juu ya kimojawapo.

Katika nchi zetu kitanda cha namna hii kilikuja mabegani mwa wapagazi. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulibeba vitu kwa mizigo ya ratli 60 hadi 70, yaani kama kilo 30. Mzungu alilala juu ya kitanda, na aliyekibeba alilala chini. Nasema hivyo si kwa kutaka kuamsha ugomvi wa zamani, bali kwa sababu jambo lenyewe lina maana katika afya. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch alichunguza homa ya papasi katika Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Alikuta papasi katika vibanda na kambi za zamani kando ya njia za misafara, wakikaa katika nyufa na mavumbi ya sakafu. Mwaka huo huo Mwingereza Joseph Dutton, aliyekuwa akichunguza homa hiyo katika Kongo, alikufa kwa homa hiyo hiyo. Papasi hutoka usiku kunyonya damu na kurudi mafichoni. Anayelala sakafuni amemkaribia. Aliye juu ya kitanda kilichotengwa na ukuta amejiweka mbali kidogo.

Na kwa nini kitanda kiwe cha chuma? Jibu ni kunguni. Mbao zina nyufa, na kamba zina mafundo, na humo kunguni hutaga. Bibi Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alishauri mgonjwa alazwe juu ya kitanda cha chuma ambacho hewa hupita mpaka kwenye godoro. Katika karne ile viwanda vya Birmingham, Uingereza, vilitengeneza vitanda vya chuma kwa wingi na kuvipeleka ng'ambo. Vingi vilikuwa vizito, na havikukunjika. Wepesi ulikuja chuma kilipoanza kufanywa kuwa bomba. Katika miaka ya 1880 ndugu wawili Wajerumani, Reinhard na Max Mannesmann, walivumbua njia ya kutengeneza bomba la chuma lisilo na mshono. Mabomba mepesi ndiyo yaliyojenga baiskeli, na ndiyo yaliyojenga vitanda.

Yupo mtu mmoja zaidi nisiyetaka kumpita. Huko Chicago, Marekani, alikuwako mwanamke mweusi aitwaye Sarah Goode, mwenye duka la samani. Vyumba vya mjini vilikuwa vidogo, na wanunuzi walitaka kitanda kisichokula nafasi. Tarehe 14 Julai 1885 serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi nambari 322,177 kwa kitanda kinachokunjwa kikawa meza ya kuandikia. Kilikuwa cha mbao, lakini shida yake ni ile ile yetu. Katika hati alieleza mambo aliyoyakusudia: sehemu zinazokunjwa ziwe na mizani ili zinyanyuliwe bila taabu, zikae imara zikifunguliwa au zikikunjwa, na katikati pawe na tegemeo linaloshuka lenyewe kitanda kinapofunguliwa. Tazama neno hilo "lenyewe". Alijua kwamba mtu mwenye usingizi husahau.

(Hapa mwalimu asimamishe somo. Kila mwanafunzi anyoshe mikono mbele, viganja vikitazama juu, na ncha za vidole vya mkono huu ziguse ncha za vidole vya mkono ule. Jirani yake abonyeze kwa upole pale vidole vinapogusana.)

Umeona nini? Vidole vimekwenda chini, na viganja vimeanza kutazamana kama kitabu kinachofungwa. Hivyo ndivyo kilivyo kitanda kinachokunjwa kwa kuinua mchago na miguu. Uzito wa mlalaji unakisukuma upande ule ule wa kukikunja. Usiku kucha unalala, na usiku kucha unajaribu kukifunga. Ndiyo maana bawaba hupinda, na tundu lililokuwa duara huwa refu kama yai.

Dawa ya kwanza, basi, ni jozi ya tatu ya miguu, chini ya maungio hasa. Mguu huo uwe sawa na mingine. Ukipungua nusu inchi, ni kama haupo mpaka chuma kipinde. Ukizidi, kitanda kitakuwa pembea. Baadhi ya watengenezaji huuacha ili kuokoa kipande cha bomba kisichofika futi nne kwa miguu yote miwili. Mimi naona huo si uchumi, maana mnunuzi hulipia bomba hilo mara tatu kwa fundi wa kuchomea.

Jambo la pili ni tundu. Chukua rula, ilaze, ibonyeze: inapinda. Isimamishe kwa ubavu wake, ibonyeze tena: haipindi. Chuma cha kingo za juu na chini ndicho kinachobeba, na cha katikati hubeba kidogo. Kwa sababu hiyo mwanzi, ulio mtupu ndani, una nguvu, na bomba vilevile. Basi fundi akitoboa mfumbati kwa ajili ya bolti, asitoboe karibu na ukingo wa juu au wa chini. Atoboe katikati ya kimo cha chuma. Na asitoboe katikati ya urefu wa kitanda pasipo na mguu, kwani hapo ndipo chuma hupindwa zaidi. Afadhali achomee bamba pana kila upande, bolti ipite kwenye mabamba, na washa zikae kati yake ili vyuma visisagane.

Miguu yenyewe inayokunjwa isisimame wima kabisa. Iinamie nje kidogo, mpaka igonge kizuizi cha chuma. Hapo uzito wako unaushindilia mguu kwenye kizuizi badala ya kuurudisha ndani. Na kumbuka kamba zetu: springi na turubai huvuta mifumbati kuelekeana vilevile, na bomba jembamba huingia ndani kiuno. Kwa hiyo pawe na kipande cha kukingama karibu na maungio, upande huu na upande huu.

Mwisho nirudi kwenye kidole changu. Penye vyuma viwili vinavyopitana kama makasi, nafasi iwe pana hata kidole kisibanwe, au pafunikwe kwa bamba. Tena kitanda kilichokunjwa kiwe na komeo, maana mtoto akivuta shuka, kitanda kisicho na komeo humfungukia. Ncha za mabomba nazo zizibwe kwa mpira au kipande cha mti. Kunguni aliyekosa ufa atakaa ndani ya bomba lililo wazi, na atakushukuru.

Kazi ya nyumbani. Kipindue kitanda chako, au omba ruhusa ya jirani ukipindue chake. Hesabu miguu. Tazama maungio yako wapi na mguu uko wapi, upime kwa inchi tofauti iliyopo. Tazama tundu la bolti kama bado ni duara. Andika sentensi tatu, ukamwonyeshe mwalimu siku ya Jumatano. Juma lijalo tutazungumza juu ya godoro la sufi.