Gari la umeme lilivyochukiwa na mirengo yote miwili Marekani

GARI la umeme halingurumi wala halitoi moshi, lakini nchini Marekani limezusha uhasama ambao si rahisi kuueleza kwa kulitazama gari lenyewe. Kwa zaidi ya mwongo mmoja, wanaoliendesha wamefukizwa masizi barabarani, wamezibiwa vituo vya kuchajia na hata kuharibiwa magari yakiwa yameegeshwa. La kustaajabisha ni kwamba chuki hiyo ilishamiri kwanza katika mrengo mmoja wa siasa, kisha ikajitokeza katika mrengo unaoupinga, ilhali gari ni lile lile.

Gari hili si geni. Mnamo 1900 viwanda vya Marekani viliunda magari 4,192. Kati yake, 1,575 yalikuwa ya umeme na 936 pekee ya petroli, huku mengine yakitumia mvuke. Kwa kuwa halikuhitaji kuwashwa kwa kuzungusha chuma kwa mkono, gari la umeme lilinadiwa hasa kwa wanawake wa mijini. Clara Ford, mkewe Henry Ford, alikuwa na lake la Detroit Electric. Sifa hiyo ikageuka dosari, kwani wanaume wengi waliliona kuwa gari la kike. Ujio wa Model T ya bei nafuu mnamo 1908, na Cadillac iliyojiwasha kwa umeme mnamo 1912, ulichangia kulififisha. Hivyo basi, tangu zamani gari hili lilihukumiwa kwa kumtazama anayeliendesha.

Liliporejea sokoni kuanzia 2010 kupitia Nissan Leaf na Chevrolet Volt, kisha Tesla Model S mnamo 2012, hukumu hiyo ilirejea nalo. Bei yake ilikuwa ya juu, na serikali kuu ilimpa mnunuzi nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500. Wahafidhina wengi waliona kwamba mfanyakazi wa kawaida alikuwa akimchangia tajiri wa California kununua gari la fahari. Fauka ya hayo, gari hilo lilihusishwa na sheria za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, ambazo wengi wao walizitilia shaka.

Hasira hizo ziliingia barabarani. Baadhi ya wenye pikapu za dizeli waliondoa vifaa vya kupunguza moshi, wakabadilisha injini ili imwagiwe mafuta kupita kiasi, kisha wakawafukiza moshi mweusi waendesha baiskeli na madereva wa magari ya umeme. Jimbo la New Jersey lilipiga marufuku tendo hilo mwaka wa 2015. Ripoti ya mwaka wa 2020 ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani (EPA) ilikadiria kuwa pikapu zaidi ya 500,000 zilikuwa zimeondolewa vifaa hivyo katika muda wa mwongo mmoja, ingawa si wote waliofanya hivyo walinuia kumchokoza mtu.

Wengine waliegesha magari ya petroli katika nafasi za kuchajia. Mwishoni mwa 2018, kisa cha pikapu zilizoziba kituo cha Tesla katika jimbo la North Carolina kilivuma kote nchini. Kwa dereva ambaye betri yake inakaribia kuisha, kitendo hicho ni sawa na kufungiwa pampu ya petroli katikati ya safari. Mnamo 2019 Colorado ilipitisha sheria ya kumtoza faini anayeziba nafasi hizo.

Hata hivyo, si kila lalamiko lilikuwa chuki tupu. Barabara kuu za Marekani hugharimiwa kwa kiasi kikubwa na kodi ya mafuta, ambayo serikali kuu imeiweka kwa senti 18.4 kwa galoni ya petroli tangu 1993. Asiyenunua petroli haichangii, na ndiyo sababu majimbo mengi yameanzisha ada ya kila mwaka kwa magari ya umeme. Wafanyakazi wa viwanda vya magari, waliogoma mnamo 2023, walihofia kuwa mabadiliko hayo yangewapunguzia ajira na ujira. Aidha, kobalti inayotumika katika betri nyingi hutoka kwa wingi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambako shirika la Amnesty International liliripoti mnamo 2016 kuwa watoto walikuwa wakifanya kazi machimboni. Betri zisizo na kobalti sasa zimeenea, lakini swali hilo lilikuwa la haki.

Penye chuki, uvumi nao hupata makao, na si Marekani pekee. Oktoba 2023, moto uliteketeza magari zaidi ya 1,400 katika maegesho ya uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza. Mara moja gari la umeme likatupiwa lawama mitandaoni, ilhali wazima moto walieleza kuwa chanzo kilikuwa gari la dizeli.

Kufikia 2024, mgawanyiko wa Wamarekani ulikuwa bayana. Utafiti wa Pew Research Center ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wafuasi wa Democratic wangefikiria kununua gari la umeme, dhidi ya asilimia 13 ya wafuasi wa Republican.

Kisha mambo yakapinduka. Elon Musk, mkuu wa Tesla, alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumuunga mkono Donald Trump katika uchaguzi wa 2024, na mapema 2025 akaongoza kampeni ya kupunguza matumizi na wafanyakazi wa serikali. Waandamanaji, wengi wao wapinzani wa Trump, walikusanyika kwa amani nje ya maduka ya Tesla. Pembeni mwao kukatokea uharibifu. Machi 18, magari yaliteketezwa katika kituo cha Tesla jijini Las Vegas. Wiki moja kabla ya hapo, Trump, aliyekuwa ameyabeza magari ya umeme kwa miaka mingi, alisimama kando ya magari ya Tesla katika Ikulu ya White House na kutangaza kwamba angenunua moja.

Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Wenye Tesla, ambao wengi walikuwa wameinunua kwa nia ya kutunza mazingira, walianza kubandika vibandiko vya kueleza kuwa waliinunua kabla ya kumfahamu vyema mwenye kampuni. Malalamiko kuhusu kodi ya barabara, ajira na machimbo yana mahali pa kutatuliwa: bungeni, kwenye meza ya mazungumzo na mahakamani. Masizi na moto havijayatatua. Vimemwangukia tu aliyekuwa kwenye usukani.