Usafi wa meno ya watoto wachanga na ziara za nyumbani, Mbooni

Usaidizi wa wazazi katika kuwasafisha watoto wachanga meno ni kazi ya afya ya msingi ambapo mhamasishaji wa afya ya jamii, muuguzi au afisa wa afya ya kinywa humfuata mzazi nyumbani kwake, humwonyesha namna ya kumswakisha mtoto tangu jino la kwanza linapochomoza, kisha hurudi kuona kama jambo hilo limekuwa mazoea. Makala hii inaangalia kazi hiyo katika mazingira ya Mbooni, eneo la vilima kaskazini mwa Kaunti ya Makueni, ambako njia ya kufikia kila boma ilishakanyagwa zamani na somo la meno ndilo linalohitaji kupewa nafasi yake.

Eneo

Eneo bunge la Mbooni lina wadi sita: Tulimani, Mbooni, Kithungo/Kitundu, Kiteta/Kisau, Waia/Kako na Kalawa. Masimulizi ya Wakamba huvitaja vilima vya Mbooni kuwa makao yao ya kale katika nchi hiyo. Juu vilimani kuna ubaridi, chemchemi na mashamba ya matuta; ukiteremka kuelekea Kalawa nchi inakauka, mito ni ya msimu, na maji huchimbwa kwenye mchanga. Maboma yametawanyika miteremkoni. Mama mwenye mtoto mgongoni hutembea mwendo mrefu kufika kituo cha afya huko Kikima au Tawa, na safari hiyo ataifanya kwa ajili ya homa au chanjo. Kwa ajili ya meno mawili yaliyoota jana hataifanya, wala si haki kumlaumu.

Historia

Ukambani una historia ndefu ya kazi ya afya inayobisha hodi. Kuanzia mwaka 1971 watafiti wa Kenya na Uholanzi waliendesha uchunguzi mkubwa wa afya ya mama na mtoto katika Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha pia nchi yote ya Makueni. Wafanyakazi wake walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki mbili, wakiandika mimba, vizazi, magonjwa na vifo. Matokeo yalichapishwa kuwa kitabu mwaka 1984. Huko Kibwezi, kusini zaidi, shirika la AMREF lilianza miaka ya mwisho ya 1970 kuwafundisha wanakijiji kuwa wahudumu wa afya wa jamii yao. Makueni ilijitenga na Machakos mwaka 1992 ikawa wilaya, na ikawa kaunti chini ya Katiba ya 2010.

Kuhusu meno, kilichoandikwa kwa wingi ni habari za watu wazima. Mwanaethnografia Mswidi Gerhard Lindblom, katika kitabu chake juu ya Wakamba kilichotoka mwaka 1920, alieleza desturi ya kuchonga meno ya mbele yawe na ncha, urembo ambao sasa umekwisha. Miaka ya 1980 Firoze Manji, Vibeke Baelum na Ole Fejerskov waliwapima watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 katika Wilaya ya Machakos. Kazi yao ilipata sifa duniani kwa kuonyesha kwamba ugonjwa mkali wa fizi, hata mahali ambapo watu hawana daktari wa meno, huwaangukia wachache na si jamii nzima. Mtoto wa miezi minane hakuwa sehemu ya hesabu hiyo.

Mkakati wa Afya ya Jamii wa mwaka 2006 uliweka vitengo vya jamii na wahudumu wa kujitolea nchini kote. Mwaka 2016 Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha MakueniCare, ambapo kila kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Mpango huo uliitangaza Makueni hadi nje ya Kenya. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ya kitaifa iliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, na mwezi uliofuata Sheria ya Afya ya Msingi ikawapa nafasi rasmi. Kila mmoja hupangiwa kaya kama 100. Posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi hubebwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti.

Kuoza kwa meno ya utotoni

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Kenya hali si njema: uchunguzi uliofanywa Kiambaa, Kaunti ya Kiambu, na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta karibu asilimia 60 ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano wana meno mabovu. Mtoto anayefika chekechea na mashimo manne hakuyapata chekechea. Yalianza wakati angali anabebwa.

Ugonjwa huanzia meno ya mbele ya juu. Bakteria wa utando unaokaa juu ya jino hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hulainisha tabaka gumu la nje. Dalili ya kwanza ni mstari mweupe kama chaki kando ya ufizi. Hapo jino bado linaweza kuokolewa kwa mswaki na floraidi. Mstari ukishageuka kahawia na kumomonyoka, kilichobaki ni kliniki. Mate hupungua mtoto anapolala, kwa hiyo uji wenye sukari, chai ya maziwa au juisi inayonywewa usiku hudhuru kuliko ile ya mchana.

Ratiba ya kliniki na pengo lake

Meno mawili ya chini huchomoza kwa kawaida mtoto akiwa na miezi sita hadi kumi, ya juu hufuata, na kufikia karibu miaka mitatu meno yote 20 yametimia. Ratiba ya chanjo ya Kenya humleta mtoto kituoni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kabla hajaota hata jino moja. Kisha safari huanza kuachana: vitamini A miezi sita, chanjo ya surua na rubela miezi tisa, ya pili miezi 18. Yaani muuguzi humwona mtoto mara nyingi kinywa kikiwa kitupu, na mara chache meno yakiota. Katika miezi hiyo mtu wa afya anayeendelea kufika bomani ni mhamasishaji. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuliweka somo la mswaki mikononi mwake, na ina uzito kuliko hoja inayotajwa kila mara, kwamba njia hii ni ya gharama nafuu.

Ziara inavyokwenda

Ziara nzuri ni fupi na huanza kwa kumtazama mtoto. Watu wazima wawili huketi wakitazamana, magoti yakigusana, mtoto akalazwa mapajani mwao, kichwa kwa yule atakayeshika mswaki na miguu kwa mwenzake. Mhamasishaji huinua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole na kumwita mama asogee aone mwenyewe: meno mangapi, ufizi rangi gani, kuna mstari mweupe au hakuna. Kisha mswaki hukabidhiwa mzazi. Somo linaloishia mikononi mwa mgeni halimsaidii mtu kesho yake saa mbili usiku.

Mswaki uwe mdogo na wenye nywele laini. Dawa ya meno iwe na floraidi ya kiwango cha sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, ambayo dawa nyingi za kawaida za watu wazima huwa nayo, ila ipakwe kidogo mno, kiasi cha punje ya mchele, hadi mtoto afikishe miaka mitatu. Husuguliwa mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo isiyokosekana. Mtoto hasukutuliwi kwa maji. Povu lililobaki hupanguswa kwa kitambaa safi. Kwa nyumba za Kalawa zinazonunua maji kwa mtungi, hili ni jambo la kusemwa waziwazi, maana mswaki wa mtoto hauhitaji hata kikombe. Kijiti cha mukayau, mti ambao wazee wa nchi kavu wameutumia kusugulia meno miaka yote, hakifai kinywa cha mtoto mchanga.

Onyo la kiasi cha dawa lina sababu ya Kikenya. Maji ya visima virefu sehemu kadhaa za nchi, hasa Bonde la Ufa, yana floraidi kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta madoa ya floraidi kwa zaidi ya watoto 4 kati ya 10. Wazazi waliokua wakiyaona meno ya kahawia kwa majirani huogopa floraidi yoyote. Waelezwe kwamba punje ya mchele si kisima.

Swali la nani hasa amswakishe mtoto halijibiwi na mabango. Mama wengi huwa shambani, sokoni au kazini Nairobi, na mtoto hulala kwa nyanya yake, ambaye Wakamba humwita susu. Mhamasishaji asiyemsalimu susu kwanza na kumkalisha karibu amepoteza ziara. Susu ndiye anayetia sukari kwenye uji, naye hutia kwa upendo. Humwambii aache bila kumpa cha kufanya badala yake. Ndizi mbivu iliyopondwa ndani ya uji humtosheleza mtoto. Kunyonyesha hakukatazwi, wala mchana wala usiku. Kinachoombwa ni meno yasafishwe kabla mtoto hajalala. Mtoto akilia, mswaki huendelea taratibu kwa wimbo. Baada ya wiki kadhaa kilio hupungua.

Meno ya plastiki

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuhara na homa za miezi sita hulaumiwa meno, na uvimbe wa kawaida wa ufizi pale chonge litakapoota huitwa meno ya plastiki au ya nailoni. Hung'olewa kwa kisu, sindano au spoku ya baiskeli. Nchini Kenya uchunguzi wa mwaka 1995 juu ya Wamaasai ndio unaotajwa zaidi. Madhara yake ni damu nyingi, maambukizi, na meno ya kudumu yaliyoharibika. Mhamasishaji anayeinua mdomo wa mtoto kila mara hupata nafasi ya kumhakikishia mama mapema kwamba uvimbe ule ni jino linalokuja, na kwamba mtoto anayehara anahitaji maji ya chumvi-sukari ya ORS, zinki na kituo cha afya.

Mifano kwingineko

Leeds, Uingereza, ilifanya majaribio ya kuwatembelea akina mama nyumbani kwa ajili ya meno ya watoto, na matokeo ya miaka mitatu yalichapishwa mwaka 2000 yakionyesha meno mabovu machache mno kwa waliotembelewa. Watafiti wa mji huohuo baadaye waliunda HABIT, mafunzo ya wauguzi wanaowatembelea watoto wa miezi 9 hadi 12. Scotland ina mpango wake wa meno ya watoto, Childsmile. Brazili, mjini São Leopoldo, ushauri wa lishe uliotolewa nyumbani mwaka wa kwanza wa mtoto ulipunguza kuoza kwa meno. Karibu na Mbooni, wahudumu wa jamii wa Nairobi Mashariki walifundishwa kutambua vidonda vya kinywani vinavyoashiria VVU, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliweza.

Hali ya sasa

Mkoba wa mhamasishaji una kipimajoto, mzani, mashine ya shinikizo la damu, kipima sukari na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Mswaki wa mtoto haumo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, jambo linalozipa kaunti sababu ya kuinunua pamoja na dawa nyingine. Wiki za Malezi Bora, kila Mei na Novemba, huwakutanisha watoto wa vijiji kwa vitamini A na dawa ya minyoo, nazo ni nafasi nyingine ya somo la mswaki. Kwa rufaa za meno kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Wote.