Yaliyomo, Fihirisi na Faharasa: Istilahi za Ukurasa wa Mbele wa Jarida la Wanafunzi

Katika kazi ya kusanifu istilahi, macho yetu huelekea zaidi kwenye maneno makubwa ya sheria, uchumi na sayansi, tukayasahau madogo ambayo kila msomaji hukutana nayo. Mahali pamoja palipoachwa bila nadhari ni ule ukurasa wa jarida unaomwonyesha msomaji kuna nini ndani, kimeandikwa na nani na kinapatikana wapi. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya maneno ya ukurasa huo na jinsi unavyopangwa, hasa katika majarida ya wanafunzi; kwani huko ndiko waandishi wengi huona majina yao yamepigwa chapa kwa mara ya kwanza.

Majarida ya shule si jambo geni katika Kiswahili. Msimulizi lilianzishwa mwaka 1888 katika chuo cha wamisionari Waanglikana cha Kiungani, Unguja. Baadaye lilitokea Kiongozi, lililopigwa chapa katika shule ya serikali ya Kijerumani huko Tanga tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1916. Jina hili la pili linawahusu sana watu wa Tabora. Katika misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kufika Ujiji, mtu aliyewatangulia wapagazi aliitwa kirangozi au kiongozi. Yeye ndiye aliyeijua njia. Mwaka 1950 jina hilo lilirudi njiani kwake, gazeti jingine la Kiongozi, la Kanisa Katoliki, lilipoanzishwa Tabora. Hivyo neno la msafara likawa neno la uchapaji. Nao ukurasa wa mbele wa jarida hauna kazi nyingine ila hiyo ya kutangulia na kuonyesha njia.

Sasa tuyatazame majina ya ukurasa wenyewe. Yapo matatu yanayotumika, na mara nyingi huchanganywa.

La kwanza ni yaliyomo. Neno hili ni kitenzi kilichogeuka kuwa jina: ya-li-yo-mo. Kiambishi ya- kinasimama badala ya mambo, ambayo hayatajwi. Silabi -li- si alama ya wakati uliopita, kama wanafunzi wengi wanavyodhani. Ni kitenzi cha kale cha kuwa, ambacho kimesalia katika maumbo ya urejeshi kama haya. Mwisho -mo unaonyesha mahali pa ndani. Kwa hiyo maana yake ni ‘mambo ambayo yamo ndani’, wala si ‘mambo ambayo yalikuwamo’. Ndiyo sababu kichwa ‘Yaliyomo ndani’, kinachoonekana katika baadhi ya majarida, kinarudia jambo lililokwisha kusemwa.

La pili na la tatu, fihirisi na faharasa, yana asili moja. Yametokana na Kiarabu, ambacho nacho kililipokea neno kutoka Kiajemi. Katika Kiarabu neno hilo limebeba maana nyingi: orodha ya sura za kitabu, orodha ya maneno kwa taratibu ya herufi, na hata orodha ya vitabu vyenyewe. Kitabu mashuhuri cha Ibn al-Nadim wa Baghdad, Al-Fihrist, kilichoandikwa mwaka 987, ni orodha ya vitabu vilivyojulikana kwake. Tuliporithi neno tulirithi na upana wake. Matokeo yake, mwandishi mmoja huandika ‘Fihirisi’ mbele ya kitabu, mwingine huiandika nyuma, na wa tatu huita ‘Faharasa’ orodha ya maneno magumu na maana zake, ambayo jina lake linalofaa ni sherehe. Mfasiri anayekutana na maneno haya bila kukiona kitabu chenyewe hana njia ya kujua ni orodha ipi inayokusudiwa.

Tukija kwenye mpangilio, ukurasa huu una safu tatu: kichwa, mwandishi na ukurasa. Zamani za mashine ya kurudufu, kila ukurasa wa jarida la shule ulipigwa taipu juu ya stensili. Namba za kurasa hazikujulikana kwa hakika mpaka kazi yote iishe. Kwa hiyo ukurasa wa mbele ulipigwa mwisho, nao ndio uliodhurika kwa haraka. Nafasi ilipokuwa haba, safu ya kwanza kuondolewa ilikuwa ile ya waandishi. Wahariri wanaoiondoa hudhani wamepunguza wino tu. Kumbe wamefuta ushahidi: jarida likichakaa na kurasa zake za ndani zikapotea, ukurasa wa mbele huweza kuwa ndio pekee unaosema nani aliandika nini.

Mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam unaonyesha uzito wa jambo hili. Mnamo Novemba 1969 wanafunzi walianzisha jarida la Cheche, ambalo jina lake lilifuata lile la Iskra, gazeti la Lenin. Mwaka 1970 toleo zima maalumu lilitolewa kwa ajili ya makala moja ndefu ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini Tanzania. Mwezi Novemba mwaka huo jarida lilipigwa marufuku, na mwaka 1971 likafuatwa na MajiMaji. Majina yote mawili ni ya Kiswahili, lakini makala nyingi zilikuwa za Kiingereza. Jalada lilisema lugha moja, ndani ikatawala nyingine. Anayetaka kupima nafasi ya Kiswahili katika elimu ya juu ya miaka ile asiishie kwenye jalada. Aitazame orodha ya yaliyomo, kwani huko ndiko lugha inakopewa kazi au inakonyimwa.

Kutokana na hayo, tunapendekeza taratibu ifuatayo kwa walimu na wahariri. Orodha ya mbele, inayofuata mfululizo wa kurasa, iitwe Yaliyomo, bila kuongeza ‘ndani’. Orodha ya nyuma inayopangwa kwa herufi iitwe faharasa, na ile inayoeleza maana za maneno iitwe sherehe. Fihirisi iachiwe orodha ya vitabu au ya nyaraka, kama ilivyokuwa kwa Ibn al-Nadim. Aidha, safu ya mwandishi isiondolewe kwa sababu yoyote. Ikiwa nafasi ni finyu, vichwa vifupishwe.

Kazi hii haidai mtambo wala fedha. Mwalimu wa Lusu, wilayani Nzega, mwenye karatasi chache tu, aweza kuitimiza sawasawa na mhariri wa chuo kikuu. Mwanafunzi atakayelikuta jina lake mahali pake, mbele ya namba ya ukurasa iliyo sahihi, atakuwa amejifunza kwamba maandishi ya Kiswahili huwekwa ili yatafutwe na kupatikana.