Jezi kabla ya kiwanja

Gauni la kwanza nililojishonea nililivaa siku moja tu. Kitambaa nilikichagua kwa macho: rangi nzuri, bei poa. Kufika jioni lilikuwa limetuna makalioni, nikisimama utadhani bado nimekaa.

Kitambaa chenyewe kilikuwa jezi. Sisi tukisikia jezi tunawaza Simba na Yanga, kumbe jina limetoka Jersey, kisiwa kilicho karibu na pwani ya Ufaransa, kilichosifika kwa kufuma sufu tangu karne ya 16. Nyuzi zake hazipishani kama za kanga. Zinashikana vitanzi kwa vitanzi, ndiyo maana huvutika.

Mwaka 1916, vita vimepamba moto na vitambaa vimeadimika, Gabrielle Chanel alinunua jezi kwa Rodier. Enzi hizo ilikuwa ya nguo za ndani za wanaume. Yeye akaishonea wanawake makoti na sketi za kutembelea bila kubanwa. Hakuangalia hadhi ya kitambaa. Aliangalia kinavyokwenda na mwili.

Siku hizi dukani natanguliza vidole. Nakivuta kwa upana, nakiachia. Kikirudi, nanunua. Kisiporudi, hata kingekuwa na rangi gani, namrudishia muuzaji.